Kupanda Sipi kwa Baiskeli: Hesabu Ianzie Juu

Barua ya juma hili imetoka kwa mama mmoja anayeishi katika kota za askari mjini Mbale. Jina lake tunalihifadhi kama alivyoomba. Aeleza kwamba mumewe, koplo mwenye umri wa miaka 44, amekubaliana na wenzake watatu kupanda kwa baiskeli kutoka Mbale hadi Kapchorwa wakati wa likizo yao ya Januari. Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli yalipofanyika Kigali mwezi wa Septemba 2025, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika, wanaume hao hawana mazungumzo mengine. Mama huyu hapingi michezo. Yanayomnyima usingizi ni mambo matatu: mumewe aliwahi kuambiwa katika zahanati kwamba presha yake imepanda kidogo, hajaendesha baiskeli mwendo mrefu kwa miaka mingi, na sasa anazitazama fedha zilizowekwa kwa karo ya muhula wa kwanza, akitaka kununua baiskeli ya gia iliyokwisha kutumika. Auliza kama jambo hili ni la busara au ni la kitoto.

Nimeisoma barua hiyo mara mbili. Safari yenyewe ni njema, na mtu wa miaka 44 hajazeeka. Lakini mpango alioueleza ni nusu ya mpango. Ametuandikia saa watakayoondoka, mahali watakapokunywa chai, na hata mahali watakapopiga picha wakifika. Kuhusu kushuka hapana hata mstari mmoja. Mtu anayekusudia kupanda mlima kwa baiskeli hana budi kuianza hesabu yake kule juu, kwenye saa ya kugeuka, kisha arudi nayo nyuma hatua kwa hatua hadi mlangoni pake. Akiianza mlangoni, hesabu humwishia juu, jioni, mvua ikianza kunyesha.

MLIMA WENYEWE

Mlima Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba, ni volkeno iliyozimika. Ulianza kutapika moto zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, nao ni mzee kuliko Kilimanjaro na Mlima Kenya. Kilele chake kirefu, Wagagai, kiko upande wa Uganda na kina mita 4,321. Kitako chake kina upana wa kilomita zipatazo 80. Wasomaji waliowahi kutumikia Kisoro wanaujua Muhavura, wenye mita 4,127, jinsi ulivyosimama kama paa la msonge. Elgon haukusimama hivyo. Umelala chini kama kuku anayeatamia, na ndiyo sababu mtu anayeutazama kutoka Mbale aweza kudhani kwamba kuupanda ni kazi nyepesi.

Upole huo una hila ndani yake. Volkeno hii haikumwaga kitu kimoja. Ilimwaga lava, ikafuata na majivu na vipande vya mawe, kisha lava tena, tabaka juu ya tabaka. Lava ni ngumu na majivu ni laini. Maji ya mvua yameyala majivu yakashindwa na lava, na matokeo yake ni magenge yale marefu, mapango, na maporomoko ya maji ya Sipi, ambayo ni matatu, na lile kubwa hushuka karibu mita 100. Kwa mwendesha baiskeli maana yake ni hii: njia haipandi kama ubao ulioegemezwa ukutani, bali yapanda kama ngazi. Utakabili genge na kona zake, kisha upate kipande cha kupumzikia chenye migomba na kahawa, kisha genge jingine. Anayemaliza nguvu zake katika genge la kwanza akidhani amekwisha kufika, atajuta mbele ya watoto wa shule wanaomshangilia.

Udongo uliotokana na majivu hayo ndio unaowapa watu wa Bugisu na Sebei kahawa yao nzuri. Lakini udongo huo huo ukishiba maji huteleza. Machi 2010 sehemu ya mlima iliporomoka huko Bududa ikafukia watu wengi, na wengine hawakuonekana tena. Novemba 2024 maafa kama hayo yaliipata Bulambuli, wilaya ambayo barabara ya Kapchorwa hupita kabla ya kuanza kupanda. Siyasemi haya ili kumtisha mama wa watu. Nayasema kwa sababu mlima huu una majira yake, na mwenye akili huyafuata. Miezi ya Machi hadi Mei ina mvua nyingi, na mvua nyingine hurudi baadaye katika mwaka. Desemba, Januari na Februari ndiyo miezi mikavu zaidi. Katika kuchagua Januari koplo amefanya vema, nami nampa alama zake zote. Hata hivyo, siku kavu katika uwanda si lazima iwe kavu mlimani. Mawingu hupenda kukusanyika juu baada ya adhuhuri, na mvua moja tu hutandaza matope mekundu juu ya lami, hasa kwenye kona, mahali hasa ambapo tairi jembamba halitaki matope.

HESABU YA NJIA

Mbale uko kwenye kimo cha mita zipatazo 1,140 juu ya usawa wa bahari. Barabara ya lami huelekea kaskazini kupitia Sironko, mlima ukiwa mkono wa kulia, hadi karibu na Muyembe. Sehemu hiyo yote haina mpando wa kutisha. Hatimaye njia ya Kapchorwa huachana na ile inayokwenda Nakapiripirit na Moroto, ikageuka na kuukabili mlima. Toka hapo hadi Sipi ni kilomita kumi na kadhaa, na tofauti ya kimo ni mita 650 hivi. Toka Sipi hadi Kapchorwa ni kilomita nyingine kumi na kadhaa, za kupanda na kushuka na kupanda tena. Kwa jumla, Mbale hadi Kapchorwa ni kilomita 65 hivi.

Sisi tuliopitia chuo cha ualimu tuna ugonjwa wa kutoweza kuona namba mbili bila kuzigawanya. Na tugawanye. Tukichukua kwamba mpando hadi Sipi ni kilomita 13, basi mita 650 kwa mita 13,000 ni sawa na 5 kwa 100. Kila mita 100 unazokwenda mbele, unainuka mita 5. Hiyo huitwa asilimia 5, na mtu mwenye afya aiweza. Lakini tukumbuke wastani ni kitu gani. Mwanafunzi mmoja akipata 90 na mwenziwe akapata 10, wastani wao ni 50, ilhali darasani hakuna hata mmoja aliyepata 50. Katika mlima wa ngazi, wastani wa asilimia 5 una ndani yake vipande vya asilimia 2 na vipande vya asilimia 8. Yafaa koplo na wenzake wapande teksi siku moja kabla ya safari, waketi upande wa dirisha wakiwa na karatasi na kalamu, waandike kila genge linapoanzia na kila mahali palipo na kivuli, maji na duka. Nauli ya teksi ni rahisi kuliko majuto.

Sasa tuzitazame saa. Huku kwetu jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kabla ya saa moja usiku limekwisha kuzama. Tuseme wanaondoka kwenye mwanga wa kwanza. Kilomita 38 za uwanda, kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, zitawafikisha chini ya mpando saa tatu. Wapumzike nusu saa. Kilomita 13 za kupanda, kwa kilomita 8 kwa saa na vituo viwili vya kupumua, zitawafikisha Sipi saa tano na nusu. Kilomita 14 hivi za mwisho zitawachukua saa moja na nusu, kwa hiyo wataingia Kapchorwa saa saba mchana. Mpaka hapa mambo yanapendeza, na naamini hapa ndipo koplo alipoweka kalamu chini.

Tuendelee. Wale chakula, wapige hizo picha, waondoke saa nane. Kurudi hadi chini ya mpando, kwa uangalifu unaotakiwa, ni saa mbili. Sasa ni saa kumi. Zimebaki kilomita 38 za uwanda, na miguu si ile ya asubuhi. Kwa mwendo wa mchovu ni saa tatu. Watafika Mbale saa moja usiku, gizani, katika barabara ya malori na pikipiki, bila taa za kutosha. Na hapo hatujapiga pancha hata moja, wala hatujakimbia mvua.

Basi kwa watu wasio na mazoezi, kwenda Kapchorwa na kurudi kwa siku moja si mpango unaokubalika. Ziko njia mbili zinazokubalika. Ya kwanza ni kulala Kapchorwa na kushuka kesho yake asubuhi, barabara ikiwa kavu. Ya pili, ambayo mimi naipendelea kwa safari ya kwanza, ni kukomea Sipi. Wakifika saa tano na nusu, wapumzike saa nzima wakiyatazama maporomoko, na upande wa kaskazini uwanda wa Karamoja na Mlima Kadam, ambao nao ni volkeno ya zamani. Saa sita na nusu wageuke. Saa saba na nusu au nane wamekwisha kuacha mlima, na saa kumi na moja wanaoga nyumbani.

Hiyo saa sita na nusu iandikwe na isijadiliwe. Ikigonga, popote walipo, wanageuka, hata kama Sipi iko kona mbili mbele. Askari hawahitaji kufundishwa maana ya amri, lakini nimeona kwamba amri mtu anayojipa mwenyewe ndiyo anayoivunja upesi.

KUSHUKA

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo penye hatari. Kupanda humwadhibu mtu polepole, na akichoka hushuka akasukuma. Kushuka hakumpi mtu nafasi hiyo.

Akina mama watanielewa upesi nikilieleza jambo hili kwa mfano wa jikoni. Mtu wa kilo 75 na baiskeli ya kilo 20, wakishuka mita 650 kwa breki, wanageuza kuwa joto nguvu inayotosha kuyachemsha maji baridi karibu lita mbili. Sehemu ya nguvu hiyo huchukuliwa na upepo, lakini anayeshuka polepole huku ameng'ang'ania breki huitia karibu yote katika vipande vinne vya raba na rimu mbili. Raba ikipata joto kupita kiasi hulainika na kung'aa, nayo hupoteza ukali wake. Tyubu nayo ikipata joto yaweza kupasuka mtu akiwa katikati ya kona.

Kwa hiyo breki zisibanwe moja kwa moja kutoka juu hadi chini. Zibanwe kwa nguvu kidogo, mwendo upungue, ziachwe zipate upepo, kisha zibanwe tena. Zote mbili zitumike pamoja. Mwendo upunguzwe kabla ya kona, njia ikiwa imenyooka, wala si ndani ya kona. Kila kilomita tatu hivi wasimame pembeni, watone maji kidogo juu ya rimu. Yakichemka au kutoa mvuke, wangoje. Na wakumbuke sheria hii ambayo haina huruma: mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama huongezeka mara nne. Anayesimama ndani ya mita 8 akiwa na mwendo wa kilomita 20 kwa saa, atahitaji mita 32 akiwa na mwendo wa kilomita 40. Baiskeli zetu za kawaida zenye rimu za chuma zina ubaya wa zaidi: rimu ya chuma ikilowa maji, raba huteleza juu yake kama mguu juu ya sabuni. Mvua ikinyesha, wenye rimu za chuma washuke watembee. Hapa sina mjadala.

Waachiane nafasi ya mita 30. Wakae upande wa kushoto hata kona inapowashawishi kuikata. Lori lililopakia ndizi au mahindi likiwa mbele yao na linakwenda polepole, lina sababu zake, wasilipite. Mtulivu kuliko wote awe nyuma, na ndiye abebe pampu, viraka, gundi na spana, kwa kuwa yule aliye nyuma huwaona wote na hupita kila aliyekwama.

Neno jingine ni baridi. Joto hupungua karibu nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo Sipi ni baridi kuliko Mbale kwa nyuzi nne hivi. Si nyingi, lakini mtu aliyelowa jasho akikabili upepo wa kushuka, vidole vyake hufa ganzi, na kidole kilichokufa ganzi hakibani breki. Shati moja kavu lifungwe ndani ya mfuko wa plastiki. Wapanda baiskeli wa zamani wa Ulaya walikuwa na desturi ya kutandika gazeti kifuani chini ya shati kabla ya kushuka, nalo hukinga upepo vizuri sana. Gazeti hili, likishasomwa, laweza kutumika hivyo bila sisi kuona vibaya.

BAISKELI NA KARO

Sasa nije kwenye fedha, jambo ambalo naona ndilo lililomfanya mama achukue kalamu. Karo isiguswe. Mlima hauhami.

Lakini si haki kumwambia mtu acha bila kumwonyesha njia. Tuitazame baiskeli ya kawaida aliyo nayo. Gurudumu la meno la mbele, kwa mfano, lina meno 44, na lile la nyuma lina meno 18. Mguu ukizunguka mara moja, gurudumu huzunguka karibu mara mbili na nusu, na baiskeli husogea mita 5 na nusu hivi. Uwandani hilo ni zuri. Kwenye asilimia 5 ni mzigo wa punda. Baiskeli ya gia, yenye meno 34 mbele na 32 nyuma, husogea mita 2 na kidogo tu kwa mzunguko mmoja; ndiyo maana mwenyewe huonekana anakanyaga upesi upesi huku akizungumza. Kati ya mbili hizo ipo njia ya maskini, na fundi yeyote wa Mbale aijua: badilisha gurudumu la meno la nyuma, ondoa la 18, tia la 22, na urekebishe mnyororo. Mzunguko mmoja utasogeza mita 4.4. Mguu hupata nafuu ya karibu sehemu ya tano, yaani moja katika tano, na gharama yake haifanani hata kwa mbali na bei ya baiskeli nyingine.

Kwenye vipande vya asilimia 8 atashuka asukume, ndiyo. Na asukume. Katika mbio za wanaume za Kigali walianza zaidi ya 160, watu wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo, na waliomaliza ni 30 tu. Aibu iko wapi basi kwa koplo kusukuma baiskeli yake mita 400? Mashariki hii yetu ndiyo iliyozaa boda boda, vijana waliokuwa wakivusha watu na mizigo kwa baiskeli mpakani Busia na Malaba, na hao walijua kusukuma.

Fedha kidogo alizo nazo, azitumie kwa mpangilio huu: raba mpya za breki, waya au vyuma vya breki vikaguliwe, tairi la mbele kama limechakaa, kofia ya kukinga kichwa, kisha hilo gurudumu la meno. Nguo za rangi rangi zije mwisho, au zisije kabisa.

PRESHA

Kabla ya yote hayo aende zahanati, si kwa kuambiwa na mkewe tu bali kwa kuambiwa na mimi pia. Presha ipimwe akiwa ameketi na kutulia, si baada ya kutoka gwaride. Ikizidi 140 kwa 90 azungumze na daktari, amwambie wazi anachokusudia kufanya, na kama amepewa dawa aulize zinavyopatana na kazi nzito. Daktari akisema angoje, angoje. Mazoezi ya kupanda polepole kwa miezi kadhaa huwa tiba nzuri kwa watu wengi wa namna yake. Mpando mmoja wa ghafla kwa mtu aliyekaa miaka mingi si tiba.

Majuma manane yatosha kumtengeneza. Siku tatu kwa juma, saa moja kila siku. Juma la tatu aanze kutafuta kilima. Juma la tano siku moja iwe ya saa tatu. Juma la mwisho apunguze, apumzike. Kipimo ni kinywa chake. Anayeweza kusema sentensi nzima huku akipanda, anakwenda mwendo wake. Anayejibu kwa neno moja moja amezidisha. Anayenyamaza na asimame. Kifua kikibana, au maumivu yakienda begani na mkononi, au kizunguzungu kikija, safari imekwisha siku hiyo, na wenzake wamtafutie gari la kumpeleka hospitali bila kungoja aone kama yatapita.

Hewa ya kule juu pia ni nyepesi. Kapchorwa, iliyo juu ya mita 1,800, kila pumzi ina hewa ya kiasi cha asilimia 80 ya ile ya pwani, wakati Mbale ni asilimia 87 hivi. Waliozaliwa humo hawasikii tofauti. Joshua Cheptegei, askari polisi aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 5,000 huko Tokyo mwaka 2021 na ya mita 10,000 huko Paris mwaka 2024, na Stephen Kiprotich wa jeshi la magereza aliyeshinda marathoni London mwaka 2012, wote wawili wametoka katika miteremko hii. Mgeni kutoka uwandani asijaribu kushindana na watoto wa huko hata kwa mzaha.

Kuhusu chakula sina maneno mengi. Usiku wa kuamkia safari wale kama kawaida, posho au matoke na maharage, bila pombe. Asubuhi chai yenye sukari na chapati. Njiani ndizi mbivu, karanga zenye chumvi, viazi vitamu vilivyochemshwa, kidogo kidogo kila nusu saa kabla njaa haijaja. Maji nusu lita hadi lita moja kwa saa, na yabebwe ya kutosha kufika Sipi, kwa kuwa maji ya mtoni huwa yamepita katika mashamba na mazizi ya watu.

Mama aliuliza pia yeye afanye nini siku hiyo, akae akingoje? Kazi yake ni kubwa. Karatasi ya saa zote nilizozitaja iandikwe nakala mbili, moja ikae kwake. Wampigie simu kutoka chini ya mpando, kutoka Sipi, na watakapokuwa wameshuka tena. Simu ya Sipi isipokuja hadi saa saba kamili, yeye ndiye atakayepiga, kisha atampigia rafiki yao mwenye gari ambaye wamekwisha kupatana naye kabla. Yeye ndiye mlinzi wa saa ya kugeuka, na koplo ampe mamlaka hayo mbele ya wenzake wote watatu, ili asije akaitwa mwoga wa mlima siku atakapoyatumia.

Na kama wataamua kurudi kwa teksi, baiskeli hupakiwa juu bila shida. Geuzeni pedali ya ndani isikwaruze ya mwenziwe, fungeni gurudumu la mbele lisizunguke, wekeni gunia kati ya baiskeli na baiskeli, na mkubaliane nauli ya kila baiskeli kabla kondakta hajapanda juu na kamba.

Juma lijalo nitajibu barua mbili kutoka Jinja na Arua kuhusu bustani za mboga nyuma ya kota, na kuku wa jirani wanaozifukua.